Usiniulize ana urefu gani, niambie pima yake

Ilikuwa mechi ya basketi, dogo mmoja akanibloku mara tatu, yaani akaupiga mpira wangu ukiwa hewani kabla haujafika kwenye ringi. Bloku ya kwanza nikasema bahati mbaya. Ya pili nikasema nimechoka, sijaruka vizuri. Ya tatu nilipotua chini nikamwangalia yule dogo toka kichwani mpaka miguuni, maana tuko sawa kabisa kwa urefu, tulisimama bega kwa bega kabla ya mechi tukipiga picha na hakuna aliyemzidi mwenzake hata kidogo, sasa ule mkono ulikuwa unatokea wapi?

Mechi ilipoisha nikamwita nikamwambia dogo njoo ukutani, simama mgongo uguse ukuta, nyoosha mikono yote miwili pembeni usawa wa mabega. Nikaweka alama kwenye ncha ya kidole cha kati upande huu, alama nyingine upande ule, tukachukua futi kamba. Sentimita 198. Urefu wake 183. Akanipima na mimi, urefu 183 vilevile, mikono 181. Yaani tumesimama hapo wawili, macho yetu yako usawa mmoja, lakini mwenzangu ana sentimita 17 ambazo mimi sina na hakuna mtu anayeziona mpaka mpira uwe hewani.

Tangu siku hiyo hii habari imenikaa kichwani na nimeifuatilia sana, ndo maana naandika.

Kwanza jina. Kiswahili kina neno la hiki kipimo toka zamani ila tumeliacha, ni PIMA. Ukinyoosha mikono miwili pembeni, toka ncha ya vidole vya huku mpaka ncha ya vidole vya kule, hiyo ni pima moja, ndo wazee walikuwa wanapimia kamba na kina cha maji. Kuna na shibiri, hiyo ni kiganja ukikipanua toka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, nayo kwenye basketi ina kazi yake tutaifikia. Basi humu nitasema pima, tuelewane.

Kwa watu wengi pima na urefu vinakaribiana sana, ukiwa na mita 1 na sentimita 75 basi pima yako itacheza hapohapo, ikizidi inazidi kidogo, ikipungua inapungua kidogo. NBA, ile ligi kuu ya basketi ya Marekani, mambo ni tofauti, wastani wao pima inazidi urefu kwa karibu asilimia 6. Yaani wale watu sio warefu tu, ni warefu afu mikono yao ni mirefu kuliko hata huo urefu wao unavyodai. Mchezo wenyewe unawachuja hivyo, na ndo maana kila mwaka kabla ya drafti, ile siku timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, wanawakusanya vijana Chicago wanawapima urefu bila viatu, pima, mkono ukinyooshwa juu, mpaka ukubwa wa kiganja.

Sasa hapa kuna hesabu ambayo watu wengi wanaikosea na mimi niliikosea. Dogo ananizidi pima kwa sentimita 17, lakini hazuii kwa mikono yote miwili kwa mpigo, anazuia kwa mmoja. Kwahiyo faida yake kwenye mkono mmoja ni kama 8 na nusu, na hapo kumbuka pima ina upana wa mabega ndani yake, mtu mwenye mabega mapana anaweza kuwa na pima kubwa huku mikono yenyewe ni ya kawaida tu. Ukisikia 8 unaweza kuona ni kitu kidogo. Ila mpira wa basketi una kipenyo cha kama sentimita 24, na kubloku hauhitaji kuupiga mpira wote, vidole viwili vikiugusa kwa chini njia yake imeshaharibika. Sentimita 8 ni theluthi ya mpira. Afu jiulize, ukitaka kuongeza sentimita 8 kwenye kuruka kwako itakuchukua muda gani? Ni miezi ya mazoezi, squati, kamba, ngazi, na wengine hawafiki kabisa. Yeye anazo akiwa amesimama, anazo robo ya nne wakati miguu ya kila mtu imekwisha. Kuruka kunachoka, mkono haupungui.

Kitu kingine ambacho kinaendana na pima ila sio pima ni mkono ukinyooshwa juu umesimama, kwa mimi hicho ndo kipimo chenye ukweli zaidi kuliko vyote. Urefu wa mtu unahesabu mpaka utosini lakini hakuna anayebloku kwa utosi. Kuna mtu ana shingo ndefu na kichwa kirefu, mabega yake yako chini, ukimpima ni mrefu ila akinyoosha mkono anazidiwa na mtu anayeonekana mfupi kwake. Ringi iko mita 3.05. Rudy Gobert wa NBA alipopimwa 2013 mkono wake ulifika mita 2.92 akiwa chini na pima yake mita 2.35, yaani amesimama tu bado sentimita 13 agusie ringi, na alichukuliwa nafasi ya 27! Nafasi 26 zikapita wakamwacha. Yule mtu ameshachukua tuzo ya mlinzi bora wa ligi mara 4. Na Tacko Fall, yule wa Senegal, 2019 alipimwa mkono juu mita 3.11, huyo ringi anaigusa bila kunyanyua kisigino.

Ila kubloku ndo sehemu inayoonekana, na kwa mawazo yangu sio sehemu kubwa.

Turudi kwenye ile mechi. Baada ya bloku ya tatu, unajua nilipiga mashuti mangapi tena upande aliokuwepo dogo? Hakuna hata moja. Nilikuwa napokea mpira, namwona, natoa pasi. Mara mbili nilikuwa wazi kabisa nikaona ule mkono unanyanyuka kwa mbali nikasita, nikapoteza nafasi. Kwenye karatasi dogo aliandikiwa bloku 3 basi. Zile nafasi ambazo mimi mwenyewe nilizitupa kwa sababu yake hakuna aliyeziandika popote, maana hakuna karatasi inayoandika shuti ambalo halikupigwa wala pasi ambayo haikutoka mkononi. Na hiyo ndo kazi kubwa ya mkono mrefu, unamfanya mwenzako abadilishe mawazo.

Ukitaka kuiona vizuri angalia mechi ya Victor Wembanyama, ila usiangalie mpira. Angalia mtu mwenye mpira anavyoingia chini ya ringi. Anampita mlinzi wa kwanza vizuri kabisa, anafika, anainua macho, anamwona Wembanyama na pima yake ya karibu mita 2.44, afu anageuka anarudi na mpira nje kama alisahau kitu. Msimu wake wa kwanza 2023-24 aliongoza ligi kwa bloku 3.6 kila mechi na akaingia kikosi cha kwanza cha ulinzi, hakuna mchezaji wa mwaka wa kwanza aliyewahi kuingia kikosi hicho kabla yake. Lakini mimi nakwambia zile 3.6 ni zile tu ambazo watu walijaribu.

Na hii sio ya wale warefu wa katikati peke yao, kwa walinzi wa nje ndo tamu zaidi. Kawhi Leonard ana mita 2.01, pima yake 2.21, na viganja vyake vilipimwa karibu sentimita 28 na nusu vikipanuliwa, hiyo ndo shibiri sasa! Shibiri kubwa maana yake mpira ukiugusa hautelezi, unakaa. Wengi wenye mikono mirefu wanaupiga mpira unatoka nje, wenzao wanarusha tena, Kawhi anauchukua. 2014 alipewa kazi ya kumlinda LeBron James kwenye fainali akiwa na miaka 22 na akatoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali, afu 2015 na 2016 akawa mlinzi bora wa ligi nzima, tuzo ambayo mara nyingi inaenda kwa watu wa chini ya ringi.

Fikiria hivi, washambuliaji wawili wamesimama mita 4 kutoka mmoja hadi mwingine na wewe uko katikati. Ukinyoosha mikono na pima ya 2.21 umeshaziba zaidi ya nusu ya hiyo nafasi bila kusogea hatua. Mpigaji pasi analazimika kuipandisha juu, pasi ya juu inachelewa, na ikichelewa hata kidogo tu mlinzi wa upande wa pili ameshafika. Sasa zidisha mara watu watano. Uwanja una upana wa mita 15, panga watano wa pima ya 1.83 mkono kwa mkono wanaziba mita 9 na kidogo, panga watano wa 2.13 wanaziba mita 10 na nusu. Hiyo mita moja na nusu ndo njia ya pasi zote za pembeni. Wale Oklahoma City waliochukua ubingwa wa NBA 2025 walikuwa hivyo, kila ukiangalia kuna mkono kwenye njia ya mpira, ulikuwa unaona timu pinzani zinacheza kama zina haraka wakati hakuna anayewakimbiza.

Jalen Williams wa hao hao Oklahoma nampenda sana kwa hili. Alitoka chuo kidogo, Santa Clara, sio jina kubwa. 2022 kwenye vipimo bila viatu akawa na kama mita 1.94, pima 2.19! Tofauti ya sentimita 25! Akachukuliwa nafasi ya 12, na 2025 akapiga pointi 40 kwenye mechi ya tano ya fainali. Donovan Mitchell naye hivyohivyo, bila viatu ni 1.86 tu, pima 2.08, ndo maana unamwona mfupi ila anamalizia juu ya watu warefu. Na Draymond Green, nafasi ya 35 mwaka 2012, watu walisema hana urefu wa kucheza ndani, mita 1.98 unamlindaje mtu wa 2.10? Pima yake ni 2.16. Anamlinda kwa hiyo, kwa hiyo na akili, maana yule anajua pasi inaenda wapi kabla ya mpigaji. 2017 akawa mlinzi bora.

Kwenye kushambulia mkono mrefu unasaidia ila sio kwa kiwango hicho. Leyapu, lile shuti la karibu kabisa na ringi, unaiachia mbali na mlinzi, unaweza kumzunguka ukanyoosha mkono upande wa pili wa ringi. Ribaundi, yaani mpira uliogonga ringi ukarudi, unaipata juu ya kichwa cha mtu aliyekuzuia vizuri. Ukidribo mkono uko karibu na chini kwahiyo mpira hausafiri sana, na ukihamisha toka kushoto kwenda kulia unauhamisha mbali, mlinzi anahama na mwili mzima.

Kwenye kupiga mashuti ndo kuna ubishi. Kuna makocha wanasema mkono mrefu ni hasara, kwamba ni kama fimbo ndefu, ukikosea kidogo kwenye kiwiko kosa linakuwa kubwa kwenye vidole, na wanakutajia wapigaji wakali wenye pima ndogo. Kweli wapo. JJ Redick alikuwa na urefu wa kama mita 1.93 na pima iko chini ya hapo, akacheza misimu 15 kwa kupiga pointi tatu kwa asilimia 41 na kitu. Stephen Curry pima yake inazidi urefu wake kwa sentimita chache tu, mpigaji bora aliyewahi kutokea. Ila mimi sikubaliani na hiyo hoja ikisemwa kama sheria, kwa sababu Kevin Durant yupo. Pima ya mita 2.25, na 2012-13 alimaliza msimu kwa asilimia 51 ya mashuti yote, zaidi ya 40 ya pointi tatu na zaidi ya 90 ya zile za bure. Mkono mrefu unahitaji mazoezi zaidi kuunyoosha mahali pamoja kila mara, hilo nakubali, lakini ukishaunyoosha unaachia mpira mahali ambapo hakuna anayefika. Wenye pima ndogo wamekuwa wapigaji wakali kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kubaki uwanjani, mimi ndo ninavyoona.

Huyo huyo Durant 2007 kwenye vipimo alishindwa kunyanyua kile chuma cha kilo 84 akiwa amelala benchini, hata mara moja. Watu wakaongea sana. Lakini mkono mrefu unasukuma chuma umbali mrefu zaidi kuliko mkono mfupi, kwahiyo ukiwa na mtoto wa aina hii kwenye timu usimlinganishe na wenzake kwa chuma ukadhani hana nguvu.

Na sasa nisije nikamdanganya mtu. Pima peke yake haichezi. Mohamed Bamba alipimwa 2018 akiwa na mita 2.39, rekodi wakati huo, akachukuliwa nafasi ya 6 na hajawahi kuwa yule mtu waliyemtegemea. Tacko Fall hakuchukuliwa kabisa kwenye drafti. Manute Bol, Mdinka wa Sudan Kusini ya leo, pima ya karibu mita 2.59, mwaka wake wa kwanza 1985-86 alibloku mara 397, na mpaka anastaafu alikuwa na bloku 2,086 na pointi 1,599. Bloku nyingi kuliko pointi! Nampenda Manute toka moyoni, ila namba zake zinakuonyesha mkono unaweza kukupeleka wapi na wapi unaishia. Miguu ndo inaupeleka mkono mahali. Ukichelewa kufika, mkono mrefu unageuka kuwa faulo, na hili ni tatizo la wenye mikono mirefu wengi sana hasa vijana, wanajua watafika kwahiyo miguu inalala, wanachomeka mkono, filimbi. Dogo wetu mwenyewe ile mechi alimaliza na faulo 4.

Kuna jambo moja la afya lazima niliseme maana ni la kweli na limeshaua watu. Pima kubwa sana kuliko urefu ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wa kurithi unaoitwa Marfan, unalegeza tishu za mwili na hatari yake kubwa iko kwenye mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni. Flo Hyman, mchezaji mkubwa wa voliboli wa Marekani, alianguka akafa kwenye mechi Japani 1986 na alikuwa nao bila kujua. Isaiah Austin, kijana wa basketi, 2014 aligundulika siku chache kabla ya drafti, ndoto yote ikasimama, ligi ikamwita jukwaani kwa heshima tu. Sio kila mwenye mikono mirefu anao, wengi wao hawana kabisa. Ila kijana mwenye mikono na vidole virefu sana, mwembamba, kifua kimeingia ndani au kimetokeza, macho yanamsumbua, au kwenye ukoo kuna mtu aliyekufa ghafla kwa moyo, mpelekeni akapigwe picha ya moyo kabla ya kumkimbiza uwanjani. Nilimwambia dogo hivyo siku ileile, akaenda, yuko salama.

Mimi na sentimita zangu 181 nilibadilisha vitu viwili tu. Naachia mpira mapema, mguu ukitua tu mpira umetoka, sisubiri kufika juu kabisa maana huko juu ni kwake. Na nikiingia ndani natanguliza bega kwenye kifua chake kwanza, mkono mrefu ukibanwa karibu na mwili hauna pa kunyookea. Akiwa mbali nami ni hatari, akiwa amenibana nafuu ipo.

Yeye ndo ananiuma zaidi. Mwaka jana alienda kujaribiwa kwenye timu moja, wakampa fomu ajaze, ilikuwa na jina, umri, uzito na urefu. Wakasoma 183 kwa mtu anayetaka kucheza pembeni, wakamwambia wewe mfupi, hata dakika 10 hakupewa. Hakuna aliyemwambia anyooshe mikono. Aliniambia haya tukiwa bado pale ukutani, futi kamba iko chini, na alikuwa anayasema kwa sauti ya mtu ambaye ameshakubali.

Wiki iliyopita kapata nafasi nyingine ya majaribio, timu tofauti. Akaja na fomu yao, ileile tu, urefu na uzito. Nikampima upya asubuhi bila viatu, pima 198, mkono juu 247. Akaniuliza, braza, sasa hizi naziandika wapi? Nikamwambia chini ya urefu hapo, chora mstari wako mwenyewe. Akachora, akaandika namba zote mbili kwa kalamu ya wino, kubwa.